Kawe: Kamera ilipoipenda ngalawa kuliko mvuvi

UKITAKA kujua kama kamera yako ina akili, usiipeleke studio. Ipeleke Kawe, Jumamosi saa kumi jioni, simama nayo pale stendi ya daladala uiambie: haya, nipigie yule mama wa karanga. Utakiona kimbembe chake. Mama wa karanga yuko mbele yako, hatua tatu tu. Nyuma yake kuna daladala yenye maandishi makubwa ubavuni, pembeni bodaboda wamejipanga na vizibao vyao vya kung'aa, juu nyaya za umeme zimepitana kama ukili wa mkeka. Kamera inakoroma, zzz, zzz, lenzi inakwenda mbele inarudi nyuma, halafu inalia "pip!" kwa furaha. Unatazama picha: maandishi ya daladala yanasomeka mpaka nukta ya mwisho. Mama wa karanga ni ukungu mtupu.

Basi wiki hii, mpenzi msomaji, tunatembea Kawe na kamera. Kwa wale wa mikoani ambao hawajafika, Kawe ni kata ya Kinondoni, upande wa kaskazini wa jiji. Ukitoka Mikocheni unaifuata Barabara ya Mwai Kibaki, ambayo wazee bado wanaiita Bagamoyo ya zamani, huku bahari ikiwa mkono wako wa kulia. Jina lake limebeba jimbo zima la uchaguzi, lakini Kawe yenyewe ni mahali pa kutembea kwa miguu. Upande huu kuna majumba yenye kuta ndefu na mbwa wasio na utani, upande ule ni Uswahilini kwetu, nyumba zimeegemeana kama abiria wa daladala ya asubuhi. Kwa mtu wa picha hii ni karamu. Kwa kamera yake ni kasheshe, maana kila unapoelekeza lenzi kuna vitu kumi vinavyogombea kuonekana.

Mwenyeji wetu ni kijana mmoja mpiga picha wa mtaani. Jina lake kaomba nilifiche, kasema kuna watu anawadaiwa picha. Anapiga kipaimara, maulidi na bethidei, na siku zisizo na shughuli anapita sokoni na pwani akipiga watu kwa oda. Unapigwa leo, keshokutwa unaletewa picha mkononi, ndipo unatoa hela. Hapo ndipo penye mshike mshike wenyewe, kwa sababu picha yenye ukungu hailipwi, na karatasi ameshailipia yeye. Simu zimemnyang'anya wateja wengi. Waliobaki wanamfuata kwa sababu wanataka picha ya kutundika ukutani, na ukuta haufutiki kama simu.

Kamera yake ni Canon ya mtumba, jamii ya 600D, aliyoipata Kariakoo, ikiwa na ile lenzi ya kawaida ya 18-55 na nyingine ya 50 yenye tundu la f/1.8. Kila akipiga mtaani, picha nne kati ya kumi zinatupwa. Fundi mmoja ameshamwambia "mashine ya fokasi imekufa, leta laki." Haijafa, wala hajatoa hiyo laki.

Cha kwanza, kabla hujamwona fundi yeyote, ni kujua picha imekosa nini. Kuna picha iliyocheza na kuna picha iliyokosa fokasi, na watu wengi wanazichanganya. Ikuze picha kwenye kioo cha nyuma uichunguze yote, pembe mpaka pembe. Kama kuna kitu chochote kimetoka kikali, hata kama ni tofali la ukuta au kandambili ya mpita njia, basi kamera ilifokasi, ila ilifokasi isipotakiwa. Kama hakuna kitu kikali hata kimoja na kila taa imevutwa kama uzi, mkono ulicheza au spidi ilikuwa ndogo. Kama ukuta umetulia lakini mtu anayetembea kavutika peke yake, hapo pia ni spidi. Kwa mtu anayetembea usishuke chini ya 1/250, na bodaboda anayekimbia mpe 1/500 au zaidi. Picha za kijana wetu tulizikagua chini ya mwembe mmoja karibu na soko. Nyingi zilikuwa na kitu kikali ndani yake. Daladala, bango la vocha, dirisha la nondo. Kila kitu isipokuwa mteja.

Hapo inabidi tuelewane kuhusu hii mashine inavyofikiri. Kamera za aina yake hazijui mtu ni nini. Zinagawa mwanga unaoingia kwenye lenzi mara mbili, zinalinganisha hizo taswira mbili, na zikikaa sawasawa zinasema tayari. Ili zilinganishe zinahitaji mstari: mahali ambapo cheusi kinakutana na cheupe. Herufi nyeupe juu ya daladala ni chakula kitamu. Shavu la mtu kivulini, ambalo halina mstari, ni uji bila sukari. Na ukiiachia kamera vidoto vyake vyote ichague yenyewe, kwa kawaida inakimbilia kitu kilicho karibu zaidi chenye mistari ya kueleweka. Kawe, kitu hicho mara nyingi si mteja wako. Ni kamba ya nguo, ni beseni la nyanya, ni kioo cha bajaji iliyojipenyeza.

Dawa yake haina gharama. Zima vidoto vyote, bakiza kimoja tu, cha katikati. Katika kamera kama hiyo 600D vidoto viko 9, lakini cha katikati ndicho chenye nguvu zaidi, kwa kuwa kinasoma mistari ya kusimama na ya kulala. Vya pembeni vinasoma ya upande mmoja tu. Nikon ndogo za kizazi kile, kama D3100 yenye vidoto 11, nazo ndivyo zilivyo. Kiweke hicho kidoto kwenye jicho la mtu, au kwenye ukosi wa shati, au kwenye ukingo wa kanga unaokutana na shingo, bonyeza kitufe nusu, subiri "pip", kisha sogeza fremu upendavyo na umalizie kubonyeza.

Kijana akajaribu kwa muuza madafu. Pip, kacha. Sharubu za muuza madafu zilihesabika.

Lakini usidhani kila ugonjwa ni wa kidoto. Nimeona watu Bongo hii wakilia na kamera nzima kabisa. Kuna swichi ndogo ubavuni mwa lenzi, AF na MF. Ukiiingiza kamera begini kwa haraka swichi inasukumwa na zipu, ukija kuitoa lenzi imenuna haigeuki, unaanza kumtafuta mganga. Kuna wenye lenzi ndefu ya 75-300 wanaompiga mtu aliye mita moja mbele, na lenzi ile inataka angalau mita 1.5 ndipo ifokasi. Rudi nyuma hatua moja tu, ugonjwa umekwisha. Kuna vile visahani vya shaba pale lenzi inapoungana na kamera, jasho na vumbi vikikaa hapo mawasiliano yanakatika. Zima kamera, toa lenzi, pangusa kwa kitambaa kikavu kisicho na nyuzi, rudisha. Na kuna kisa cha wenye Nikon, hiki kinaniuma kwa niaba yao: mtu ana D3200 au D5100, anakwenda kununua lenzi ya 50 ya zamani iliyoandikwa AF-D kwa kuwa ni rahisi, anafika nyumbani haifokasi. Lenzi nzima, kamera nzima. Hizo kamera ndogo hazina mota ndani ya mwili wake, na lenzi za AF-D hazina mota ndani yake pia. Ni kama kuoana bubu na bubu gizani. Ukinunua kwa ajili ya kamera hizo, tafuta iliyoandikwa AF-S.

Tukatoka sokoni tukaelekea viwanja vya Tanganyika Packers. Vijana wa leo wanapajua kwa mikutano ya siasa na ya Injili, lakini jina ni la kiwanda. Enzi za ukoloni serikali ya Tanganyika iliingia ubia na kampuni ya Liebig, ng'ombe wakawa wanaletwa hapa kuchinjwa na kutiwa kwenye makopo, nyama ikasafiri kwenda Ulaya. Kiwanda kilikwishakufa zamani, jina limebaki. Sehemu ya ardhi ile ilichukuliwa na Shirika la Nyumba la Taifa, na ndiyo hayo maghorofa marefu unayoyaona, ambayo ujenzi wake ulisimama miaka kadhaa kabla ya kuendelea tena. Ukipiga picha hapo, mtoto anacheza mpira vumbini na nyuma yake ghorofa limesimama. Ni picha nzuri, ila mtoto hatulii.

Hapo kijana alikuwa anachemsha kwa sababu nyingine. Kamera yake aliiacha kwenye One Shot, yaani ikishalia "pip" umbali unafungwa pale pale. Mtoto akikimbia hatua mbili kuja kwako, umbali uliofungwa ni wa pale alipokuwa, si alipo. Kwa kitu kinachokuja au kinachokwenda weka AI Servo, kwa Nikon ni AF-C, uendelee kubonyeza nusu huku ukimfuata. Kuna hali ya tatu, AI Focus au AF-A, inayodai itajichagulia yenyewe. Mimi siipendi. Inachelewa kuamua kama mwenyekiti wa kikao cha harusi.

Na kwa mwendo huo huo, onyo dogo. Lugalo haiko mbali, na ile ni kambi ya jeshi. Ukielekea upande huo kamera ikae begini na zipu ifungwe. Hapo tatizo lako halitakuwa fokasi.

Sasa tushuke pwani, na hapa niruhusu nisimame kidogo, kwa sababu ndiko kisa chenyewe kiliko.

Kijana alinisimulia tukiwa tumekaa kwenye gogo, ngalawa zimelala kwenye mchanga. Kulikuwa na mzee mmoja mvuvi, mtu wa hapo hapo. Siku moja akamwita, akasema mwanangu nipige picha na chombo changu, nimezeeka nacho. Akasimama mbele ya ngalawa, msuli na fulana iliyopauka, kofia kaivuta hadi kwenye nyusi. Jua lilikuwa nyuma yake. Ngalawa imepakwa rangi nyeupe na bluu, jina limeandikwa kwa herufi nyekundu. Kijana akaweka lenzi ya 50, akafungua tundu lote mpaka f/1.8 kwa sababu aliambiwa ndiyo inayotoa picha za kisasa, vidoto vyote vikiwa wazi. Kamera ikaona uso mweusi kivulini, usio na mstari, na nyuma yake herufi nyekundu juu ya ubao mweupe. Ikachagua herufi.

Mzee alipoletewa picha aliitazama sana, kisha akacheka. Akasema, "Umempiga bibi harusi, bwana harusi umemwacha. Njoo tena kesho." Kesho yake mvua. Keshokutwa kijana akapata harusi Bunju. Wiki haijaisha, mzee akafariki usingizini. Wanawe wakaja kuulizia picha ya baba, na hakukuwa na nyingine. Wakaichukua ile ile, wakaikuza, ipo sebuleni mpaka leo. Kijana anasema ukiingia mlangoni jina la ngalawa unalisoma. Uso wa mzee, mpaka uambiwe ni yeye.

Hela waliitoa. Anasema ni bora wangekataa.

Sasa hesabu ya pale ni hii. Kwa kamera ya ukubwa ule, lenzi ya 50 ikiwa f/1.8 na mtu akiwa mita 2, eneo linalotoka kali ni kama sentimita 11 au 12 tu, kutoka pua hadi sikioni. Kamera ikikosea hatua moja, uso wote umekwenda. Ukifunga hadi f/5.6 unapata sentimita kama 36, kichwa na mabega vinaingia kwa raha. Ukungu wa nyuma unaopunguka hauna anayeulilia Kawe. Mteja anataka uso. Na jua likiwa nyuma ya mtu, usitafute jicho lililozama kivulini. Lenga pale ukingo wa kofia au wa bega unapokata mwanga, hapo ndipo penye mstari. Au, jamani, mgeuze mtu! Mwambie, babu, sogea hapa kidogo. Atasogea.

Bahari nayo ina vitimbi vyake. Upepo wa pwani unabeba chumvi, na baada ya saa moja kioo cha lenzi kina utando usiouona mpaka ukielekeze kwenye mwanga. Utando unafifisha mistari, fokasi inaanza kutangatanga. Pangusa kabla hujalaumu. Ukija na gari lenye kiyoyozi, kamera imepoa, ukishuka kwenye joto la Dar kioo kinafanya jasho. Iache ndani ya begi lililofungwa ipate joto taratibu, robo saa, nusu saa. Abiria wa daladala hili halimhusu. Na unyevu wa mji huu ukiiacha lenzi kabatini miezi, inaota kuvu kwa ndani kama nyuzi za buibui. Vile vipakiti vya punje vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu vipya usivitupe, vitie kwenye begi la kamera.

Haya yote yanasaidia. Lakini kwa mtaa unaokwenda kasi, dawa ninayoiamini mimi ni kuizima kabisa hiyo fokasi ya kujiendesha.

Usicheke. Mohamed Amin, yule Mkenya aliyeanzisha Camerapix hapa hapa Dar es Salaam mwaka 1963, alipiga Mapinduzi ya Zanzibar mwaka 1964 kwa kufokasi kwa vidole. Konica C35 AF, kamera ya kwanza kuuzwa kwa wingi ikijifokasi yenyewe, ilitoka 1977. Minolta 7000, iliyoleta mambo hayo kwa upana kwenye kamera za kubadilisha lenzi, ilikuja 1985. Na wale wapiga picha wa kutembeza wa miaka ya 90, wenye Yashica MF-2 na mikanda ya picha 36, hawakufokasi chochote. Kamera zile zilifungwa umbali kiwandani, tundu dogo, basi. Ulichotakiwa kujua ni usimame wapi. Albamu za mama zetu zimejaa picha zao, na nyuso zinaonekana.

Kijana wetu anaweza kuigeuza Canon yake iwe Yashica kwa dakika moja. Weka lenzi ya 18-55 kwenye 18, tundu f/8. Tafuta bodaboda iliyoegeshwa. Urefu wake kutoka tairi hadi tairi, kwa nje, ni karibu mita 2. Simama mwisho mmoja, fokasi kwenye taa ya mwisho wa pili, kisha sukuma swichi kwenda MF na usiguse tena, wala usizungushe zumu. Kipande cha selotepu kitakusaidia. Hapo kila kitu kuanzia mita 1 mpaka huko maghorofani kinatoka vizuri. Hakuna zzz, hakuna pip. Unabonyeza, imepiga.

Ila sharti lake ni kwamba lazima usogee. Kwa 18, mtu aliye mita 6 ni kisiki. Inabidi ufike mita 2 mbili hizo, urefu wa bodaboda, na Kawe huwezi kufika urefu wa bodaboda kwa mtu bila salamu. Watu wanaojibanza kwenye kona na lenzi ndefu wakiwavizia akina mama wa watu mimi sina muda nao. Sogea, sema shikamoo au habari za kazi, sema unachotaka. Ukikataliwa, shukuru upite.

Jioni ilitukuta kwa mama mmoja anayekaanga samaki kando ya njia ya kutoka pwani, vibua na changu vimepangwa, moto unawaka, taa moja ya betri imening'inia. Mama yake mzazi alikuwa ameketi kwenye kigoda, amekuja kutoka Lindi kumsalimia mwanawe. Kijana akafika hadi pale, "Shikamoo bibi." "Marahaba, hujambo?" Akaeleza. Mama akafuta mikono kwenye kanga, akasema ngoja nivue hili taulo kichwani.

Giza lilikuwa linaingia, kwa hiyo f/8 haikufaa. Tukafungua mpaka f/4 na kupandisha ISO hadi 3200. Kwa umbali ule ule wa mita 2 bado unabakiwa na eneo la kutoka mita 1.3 hadi karibu 4, panawatosha wawili na kikaango chao. Kwa fokasi ya kujiendesha, kamera ingehangaika na ule moshi, ingemalizia kwenye taa. Kijana akapima kwa macho, akarudi nusu hatua, akapiga tatu.

"Tuone," akasema bibi. Kijana akapiga goti, akamkuzia uso kwenye kioo. Bibi akakisogeza karibu, akakirudisha mbali.

"Huyu ndiyo mimi? Mbona nimezeeka hivi?"

Mwanawe akacheka mpaka akaunguza kibua. Wakaagiza nakala mbili, moja ya ukutani Kawe, ya pili ya kwenda Lindi, na bibi akataka zifike kabla ya Alhamisi, siku anayopanda basi.